Shangazi, dirisha halina kosa

Jumamosi iliyopita shangazi yangu aliingia jikoni kwangu hapa Ngamiani, akanusa mara moja, akaenda moja kwa moja kufunga dirisha. Kisha akafunga na mlango wa uani. Ndipo akanigeukia.

"Umeipata wapi?"

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeipata wapi?"

Nikamwonyesha risiti, nimeibandika kwenye friji kwa sumaku mahali pasipokosekana. Kilo tatu za pofu, yule swala mkubwa, kutoka bucha la nyamapori lenye leseni huko bara. Shemeji kashuka nayo kwa basi, imelala kwenye deli la barafu kama bibi harusi. Tarehe ipo, uzito upo, bei ipo (bei tusiizungumze). Shangazi aliitazama ile karatasi kwa mbali, hakuigusa, akarudi dirishani kuhakikisha komeo limekaa.

Wiki nzima sasa jambo hili linanichoma. Moshi ulitutoa machozi wote wawili, lakini huo nimeshausahau. Linaloniuma ni kwamba kanuni za kuuza nyamapori zimetoka tangu mwaka 2020, mabucha yamefunguliwa, na sisi bado tunaipika nyama hii kama tumeiiba.

Nasema tunaipika, sisemi tunaila. Sikilizeni maelekezo niliyopewa na kila mtu niliyemwambia nina pofu: ichemshe, mwaga maji. Ichemshe tena, mwaga tena. Tia magadi. Tangawizi usihesabu. Kitunguu saumu kichwa kizima, hapana, viwili. Ndimu. Bizari mpaka usione rangi ya nyama. Halafu moto saa tatu, nne, tano. Jirani yangu mmoja, mstaarabu kabisa, aliniambia niilaze kwenye papai bichi usiku kucha. Usiku kucha! Sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ikilala na papai bichi mpaka alfajiri, unaamka na uji.

Nikamuuliza shangazi, haya yote ya nini? Akasema, "Nyama ya porini ina harufu, mwanangu. Na ni ngumu." Akaanza kunihadithia. Yeye kwao upande wa Mkwaja, alikua zamani sana kabla Saadani haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Nyama ilikuwa inafika usiku, chini ya kikapu, juu yake majani ya muhogo. Imekaushwa kwa moshi imekuwa nyeusi kama kuni iliyozimwa. Hakuna aliyeuliza jina la mnyama. Nyumbani kwao iliitwa "samaki wa juu", na mtoto aliyekosea akaita vingine mbele ya mgeni alipata kibao.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikikumbuka nilivyosimama na mwiko mkononi nacheka peke yangu. Mapishi yote tuliyorithi ya nyamapori ni mapishi ya magendo! Kuchemsha na kumwaga maji ni kutoa moshi na chumvi ya nyama iliyokaushwa kwa haraka vichakani. Magadi ni kwa sababu imekuwa gome la mti. Tangawizi na bizari ni za kuzuia harufu isivuke ukuta ikamfikia mjumbe. Hatukuwa tunapika pofu wala kuro. Tulikuwa tunafuta ushahidi.

Na ile harufu yenyewe, hebu tuulizane inatoka wapi. Mnyama aliyekurupushwa na mbwa, au aliyepigania roho yake kwenye tanzi usiku kucha, anamaliza sukari yote iliyo kwenye misuli kabla hajafa. Nyama ya namna hiyo inakuwa nyeusi, inanata, na inaharibika upesi. Hata ng'ombe ukimchinja amechoka na safari utaona mambo hayo hayo, waulizeni wachinjaji. Ongeza kwamba damu haikutoka vizuri, matumbo yamepasuliwa gizani kwa tochi ya simu, mzigo umefungwa kwenye baiskeli, jua limeshawaka. Halafu tunasema pofu ananuka! Umsingizie marehemu.

Nyama niliyokuwa nayo mimi ilikuwa nyekundu iliyokolea, imepoa sawasawa, haina hata utepe wa mafuta ndani yake. Nilipoinusa mbichi haikuwa na harufu ya kumtisha paka. Na hiyo kukosa mafuta ndiyo siri yote, kama ipo siri. Ng'ombe wa kunenepeshwa anakusamehe ukizubaa na simu, maana mafuta yake yanamlinda. Pofu hana msamaha. Najua kwa sababu kipande cha kwanza cha sarara nilikiacha kwenye kikaango nikaenda kumfungulia shemeji geti, tukasalimiana kidogo kama watu wa Tanga wanavyosalimiana, niliporudi kilikuwa kandambili. Tulimpa paka. Paka alikitazama, akanitazama.

Cha pili nilikuwa na adabu. Nilikata nyama vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi, nikatia chumvi, pilipili manga, tone la ndimu, basi. Samli kwenye kikaango mpaka ikaanza kuimba. Dakika mbili upande huu, dakika mbili upande ule, nikahakikisha ndani hakuna damu, nikatoa, nikafunika na sahani dakika tano. Huo ndio upishi wote. Nililia mezani, na safari hii si kwa moshi.

Muundi nao nilimwachia shangazi, maana tulishagombana vya kutosha. Na hapa inanibidi niseme neno ambalo silipendi: alikuwa sahihi. Si magadi, magadi nilimficha. Lakini ule moto wake wa mkaa, mdogo kama taa ya kibatari, chungu kimefunikwa na tui la pili, kitunguu na bizari ya kiasi, saa tatu na nusu bila kupekuliwa, umefanya kitu ambacho jiko langu la presha halijawahi kufanya. Zile kano zote zilikuwa zimegeuka utomvu. Mwishoni akatia tui la kwanza, akakoroga mara mbili, akasema, "Wewe endelea na vikaango vyako." Tulikula na bada, ugali wetu wa muhogo. Nazi za Mgandini, nne.

Mama naye alipiga simu kuuliza swali ambalo Tanga hii haliwezi kukosa: nani kachinja? Shemeji alishauliza bucha. Aliyempiga mnyama risasi alitaja jina la Mungu, mnyama akawahiwa akachinjwa. Mama akasema basi mbakizieni.

Kuna watakaoniambia kuchemsha sana kunaua magonjwa. Sawa, nyamapori iive, sibishani, na anayetaka kula pofu mwenye damu kama kwenye filamu ale kwake. Lakini kimeta hakingojei chungu. Mtu anakipata akiwa bado na kisu mkononi, anachuna ngozi ya mzoga aliouokota akadhani ni bahati. Ukaguzi wa nyama unatakiwa ufanyike kabla haijafika jikoni, na mkaguzi haji kwenye vichaka vya usiku wa manane. Shangazi anachemsha kwa saa tano kitu ambacho kingetakiwa kukataliwa saa tano kabla.

Na kuna watakaosema nyama hii ya risiti ni ya wenye pesa. Hilo nalikubali huku nimekunja uso. Wanaolala kwenye madungu wakifukuza ngiri na tumbili mashambani kule Pangani hawana bucha, na bei ile ya kwenye friji langu wangenunulia debe la unga na chenji ikabaki. Ukikutwa na kipande kisicho na karatasi, jina lake si mboga tena, ni nyara za serikali, na mahakama haiulizi ulikuwa umepanga kutia nazi. Mtu aliyezaliwa anasikia hadithi za watu waliokwenda jela kwa ajili ya sufuria, utamwambiaje afungue dirisha?

Kwa hiyo pengine shangazi simlaumu sana. Kidogo tu.

Nimlaumu jirani. Alikuja na mwanawe, nikawapakulia sarara kwa mkono mweupe. Akatafuna, akatafuna, akaweka uma chini. "Mbona kama ng'ombe?" Kwa masikitiko! Mtu kaja kula pori, kapewa nyama laini, anahisi kadhulumiwa. Alitaka nini, kamba ya tanzi pembeni kama kachumbari? Na si kweli kwamba ni kama ng'ombe. Ina utamu wa mbali, kama maini lakini bila uchungu, na haikuachii ukoko wa mafuta kinywani. Ng'ombe mwenyewe, kwa taarifa yake, kule Mkwaja alijaribiwa miaka mingi, ranchi kubwa kabisa, mbung'o wakamsumbua, na ranchi ikafungwa mwaka 2000. Pofu anaishi na mbung'o hao hao. Sasa nani aige nani?

Mwanawe, ana miaka saba, aliomba aongezewe. Nilimwongezea sehemu ya baba yake.

Jumapili jioni shangazi alijiandaa kurudi Pangani. Nilimjazia bakuli la muundi na vipande vichache vya sarara, ambayo alishasema mara tatu kuwa haijaiva, na mara tatu alikula. Akalifunga bakuli kwenye kitambaa, kitambaa kwenye mfuko, mfuko akauingiza chini ya nguo kwenye kikapu. Nikamwambia, shangazi, hii ni nyama iliyopikwa, ni chakula, hakuna atakayekuuliza. Akanyamaza. Tulifika stendi, gari likawa linajaa, kondakta anapiga bodi, ameshakanyaga ngazi mguu mmoja, akashuka tena.

"Ile karatasi yako iko wapi?"

Ilibidi nikodi bodaboda mpaka nyumbani na kurudi. Kondakta alinitukana kwa adabu. Shangazi aliipokea risiti, sasa hivi akaisoma, mstari kwa mstari, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye fundo la kanga yake pamoja na nauli, akapanda.