Bibi Harusi Hakusukuma Gari

Kwanza nisahihishe jambo moja, kwa kuwa tangu Jumamosi usiku simu yangu haijapumzika: bibi harusi hakusukuma gari. Rafiki yangu mwenye Subaru ya turbo, yaani yenye kifaa cha kuishindilia injini hewa, ambaye aliianza habari hiyo ukumbini kabla hata keki haijakatwa, ameitia chumvi isiyo na kipimo. Waliosukuma ni mimi, mpambe wa bwana harusi na vijana wawili wa bajaji wa pale Kabwe, hapa Mbeya. Bibi harusi alikuwa na kazi nyingine, ambayo nitaieleza nikifika huko, maana aibu yangu bado haijakauka.

Mnaonifuata siku zote mnalijua gari langu. Ni Subaru Impreza ya lita 1.5, gia za mkono, haina turbo, ila ina bawa la nyuma na mdomo wa eksozi unaoweza kumeza ngumi ya mtu mzima. Vitu hivyo viwili havikuliongezea nguvu hata ya punda mmoja, achilia mbali farasi, lakini vilitosha kumfanya binamu yangu, bwana harusi mwenyewe, aniombe nibebe maharusi, nami nikaona kwamba gari la heshima ya namna hiyo linastahili plagi za heshima, yaani vile vijiti vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini.

Rafiki yangu huyo anatumia plagi za kampuni ya NGK, namba 7, kwa sababu turbo yake imeongezwa presha. Mimi nilikuwa na namba 6 za iridiamu, nzima kabisa, zisizo na kosa lolote. Nikapiga hesabu kwamba ikiwa 7 ni ya turbo, basi 9 ni ya mabingwa, nikaenda dukani nikanunua nne. (Msicheke bado, kuna mbele.) Nyuzi zake ni zilezile za milimita 14, urefu ni uleule, na spana ni ileile ya 16, kwa hiyo ziliingia bila ubishi wowote, nami nikachukulia kule kuingia kwake kuwa ni ushahidi kwamba injini imezikubali.

Nilichokuwa sikijui, na ambacho fundi alinieleza Jumatatu mbele ya watu, ni kwamba kwa NGK namba ikipanda, plagi inazidi kuwa ya baridi, yaani inalikimbiza joto upesi kutoka kwenye ncha yake kwenda kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini zinamofungwa plagi. Kampuni nyingine, Bosch, wao huhesabu kinyume, jambo ambalo naona liliwekwa duniani mahususi kwa ajili ya watu kama mimi. Kauri ya ncha inatakiwa ifike takriban nyuzi joto 450 hadi 500 ili ichome masizi yake yenyewe, lakini ikipita kama 850 inageuka kaa la moto na kuwasha mafuta kabla ya wakati. Injini ya turbo iliyoongezwa presha hulikimbia hilo la pili, ndiyo maana hupewa plagi ya baridi. Injini yangu haikuwa na cha kukimbia. Zaidi ya hayo niliubana mwanya wa ncha ambao cheche huuruka, kutoka milimita 1.1 hadi 0.6, kwa kuwa nilisikia watu wa turbo hufanya hivyo. Wao huubana kwa sababu hewa iliyoshindiliwa huizima cheche inayoruka mbali. Hapa Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na gari langu halishindilii chochote, kwa hiyo niliipunja cheche nafasi yake bure.

Ijumaa nililijaribu hadi Igawilo kwa mwendo mkali na likaenda bila tatizo. Sikujua kwamba mwendo ule mkali ndio uliokuwa ukizipa plagi joto.

Sasa fikirini msafara wa harusi. Matarumbeta yako mbele juu ya pikapu, mpiga picha amekaa dirishani, nasi tunazunguka mji kwa gia ya kwanza, tunasimama, tunangurumisha injini kidogo ili watu wasikie eksozi, tunasimama tena, katika baridi ya mwezi wa saba na manyunyu juu yake. Baada ya karibu saa nzima ya maringo hayo gari likaanza kumisi. Silinda moja iliacha kazi, nami nikaongeza sauti ya redio. Ya pili ilipoacha, bawa la nyuma likaanza kutetemeka kama mgonjwa wa malaria, na bibi harusi akauliza kwa upole, "Shemeji, hili gari ni zima?" Nikamjibu kwamba magari ya mashindano ndivyo yanavyonguruma.

Mbele ya kituo cha Kabwe likazima. Nilizungusha starta mpaka betri ikabaki inakohoa, huku malori ya Tunduma yakipiga honi nyuma yetu na harufu ya petroli ikitanda. Matarumbeta hayakujua, yakaendelea kwenda bila maharusi. Ikabidi tusukume ili liwashwe kwa gia ya pili, ndipo likaja swali la nani ashike usukani. Binamu yangu hajui kuendesha. Mpambe ana mwili, hivyo alihitajika nyuma. Nilikuwa naanza kusema kwamba nitabaki mimi, bibi harusi akakusanya gauni lake, akapanda mbele na kusema, "Shemeji, shuka usukume. Nimeendesha pikapu ya viazi ya baba pale Isyonje tangu nikiwa sekondari."

Tukasukuma. Konda mmoja alituhesabia: moja, mbili, tatu. Bibi harusi akaachia klachi kwa ustadi ambao mimi sina, gari likashtuka, likanguruma, likatuacha barabarani na kwenda mbele kama mita ishirini, bwana harusi akiwa amekaa peke yake nyuma kama mheshimiwa, na kituo kizima kikapiga vigelegele. Tukalikimbilia kwa furaha. Tulipolifikia, mpambe akainama nyuma ya eksozi ili kuokota ua la kifuani lililomdondoka, na petroli yote ambayo haikuwa imeungua ikalipuka humo ndani. Mlio ulikuwa wa bunduki. Watu walilala chini. Moshi ulipotawanyika, suti ya mpambe, iliyokuwa ya rangi ya maziwa, ilikuwa ya rangi ya chungu, na katika uso wake yalionekana macho tu.

Likazima tena. Maharusi wakahamia kwenye gari la rafiki yangu, ndiyo maana habari ilifika ukumbini kabla yangu. Mimi nilivutwa hadi gereji kwa kamba. Fundi alizitoa plagi, nyeusi kama zimetoka kwenye jiko la kuni, akaeleza kwamba umeme ulikuwa ukipita kwenye masizi badala ya kuruka mwanya, akarudisha zile namba 6, na gari likawaka mara moja. Suti ilikuwa ya kukodi. Bei yake msiniulize.

Zile 9 nimezisugua zikang'aa. Nilimpa rafiki yangu ofa ya nusu bei, akanijibu kwamba hata turbo yake hazihitaji.