Gari Linazunguka, Luku Inalia

Luku imelia tena usiku wa manane. Na tumechanga juzi! Mimi ni mtu mzima, sina makelele. Nikafunga msuli wangu vizuri, nikaanza ukaguzi. Mwenye friza la barafu nikampita, yule mama ana ulimi. Wa pasi alishalala. Nikagonga chumba cha mwisho.

Kijana kafungua, joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria la pilau. Ndani kompyuta ya magemu, mafeni yanawaka rangi zote. Nikainama nyuma yake kwa heshima zote, nikasoma kibandiko: wati 750. Nikamaka.

"Hapana anko, huo ni uwezo wa mwisho wa pawasaplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, siyo inachokula."

Haya. Jirani yetu fundi umeme akaleta kamita kake ka kuchomeka kwenye soketi. 410. Nikasema zima huo mchezo.

"Sijaanza kucheza, anko. Hii ni menyu."

Kwenye skrini gari jekundu linazunguka taratibu. Halina dereva, halishindani na mtu. Linazunguka tu, wati 410! Pembeni kuna namba: 300. Nini hiyo? Fremu kwa sekunde, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Na skrini yako inaonyesha ngapi?

"Sitini, anko."

Sasa hizo 240 anaziangalia nani? Nachangia luku zichorwe picha ambazo hata kioo chenyewe hakizioni?

Kijana akakuna kichwa, akaingia kwenye setingi, akafunga fremu zisizidi 60. Kamita kakashuka hadi 180, mafeni yakanywea. Gari likaendelea kuzunguka vilevile, halijapungua hata tairi. Hapo akapata utaalamu, akaanza kunifundisha kwamba hata kadi ya picha, ile inayochora mchezo, unaweza kuipunguzia kikomo cha wati, na mchezo usishuke sana. Kumbe unajua! Unajua siku zote, na tunachanga sawasawa na mimi mwenye taa moja na redio! Fundi akapiga hesabu: kwa wati 410, masaa matano ni uniti mbili. Uniti mbili, na kombe lenyewe hajaleta!

Fundi naye akaninyooshea kiganja, elfu mbili. Ya nini? "Ya kipimo, mzee." Usiku huo, jirani, mlango kwa mlango! Na taa ya chooni je, nani anaiacha inawaka mpaka asubuhi? Kila nikiuliza, nyumba nzima imelala.