Na wazee wa mlimani wakumbukwe

Nimesoma habari yenu kuhusu kanisa la Mabatini, hapa Mwanza, lililofungua ukumbi wake ili watoto wa mtaa wapate uji na mahali pa kusomea baada ya shule. Hongereni sana wazee wa kanisa. Sisi tunaoishi milimani tunajua thamani yake: mama anatoka alfajiri kwenda soko la Mwaloni Kirumba kuuza dagaa, anarudi giza limeingia, na mtoto anashinda akizurura kwenye mawe hadi kando ya Mto Mirongo, ambao mvua ikinyesha hauna huruma. Kilichonigusa zaidi ni kwamba watoto wa Kiislamu nao wanapokelewa, hawaulizwi dini. Ndivyo ilivyo hata Bugando, hospitali ya maaskofu Wakatoliki iliyofunguliwa 1971: inatibu kila mtu wa Kanda ya Ziwa.

Ombi langu ni kwa wazee wa huko juu. Bajaji haifiki, ndoo ya maji inapandishwa kichwani, na miguu yao imechoka. Vijana wa kwaya wapo wengi. Wapangiane zamu Jumamosi wawapelekee maji, tena wakae nao kidogo wazungumze. Madumu nitachangia mimi.