Asilimia 20 ya bangi: je, mwongo ni maabara?

Mwaka 2023 jarida la PLOS ONE lilichapisha kazi ya watafiti wa jimbo la Colorado, Marekani, waliopita kwenye maduka 10 ya bangi halali, wakanunua sampuli 23 za maua na kuzipima upya. Kwa wastani, lebo zilidai THC, kemikali inayolewesha, ya asilimia 20 hadi 24. Wao walipata wastani wa 14.98. Sampuli 16 zilikuwa chini ya lebo kwa zaidi ya asilimia 15, na tatu zilikuwa na nusu tu ya kiwango cha juu kilichoandikwa. Tangu hapo, ukigusia kipimo cha ukali wa bangi Marekani mbele ya wanaoifuatilia biashara hiyo, jibu liko tayari mdomoni: maabara zimenunuliwa.

Wanaosema hivyo hawaropoki. Mteja anauliza asilimia kabla hata ya kunusa, duka nalo linanunua kile mteja anachouliza. Anayelipia kipimo ni upande uleule unaouza mzigo. Akipewa 18 hapa, kesho anaupeleka mlango wa pili. Uchambuzi wa takwimu za majimbo ya Nevada na Washington uliotoka 2021 ulikuta matokeo yanarundikana ghafla kuanzia asilimia 20, huku chini kidogo ya hapo yakiwa machache kuliko inavyotarajiwa. Mmea haujui kuhesabu. Hauna sababu ya kuipenda 20 na kuichukia 19.6. Huo ni mkono wa mtu, na mwaka huohuo Washington ilisimamisha leseni ya maabara moja kwa tuhuma za kughushi matokeo ya sampuli zaidi ya 1,200.

Yote hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kipimo chenyewe ni upuuzi, na kila aliyevaa koti jeupe ni tapeli.

Tazama ua moja likifika mezani. Fundi analisaga kwanza, na shida inaanzia hapo. THC nyingi imo kwenye vinyweleo vidogo vya utomvu vilivyotapakaa juu ya ua, na utomvu ni gundi. Sehemu yake inaganda kwenye kuta za kisagio. Unga kidogo unapimwa kwenye mizani, unalowekwa kwenye alkoholi, unachujwa, ndipo unapoingia kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja. Mashine inaonyesha THC yenyewe, ambayo kwenye ua bichi ni kiduchu, na THCA, asidi inayogeuka kuwa THC ikipata moto. Ikigeuka inapoteza kabonidioksidi na kuwa nyepesi, kwa hiyo huzidishwa kwa 0.877 kabla ya kujumlishwa. THCA ya 24 na THC ya 0.6 zinatoa 21.6. Asiyezidisha anapata 24.6 kutoka kwenye karatasi ileile.

Halafu kuna maji. Mkulima wa mahindi wa Kenya aliyewahi kurudishwa na magunia yake kwenye ghala la NCPB, bodi ya nafaka ya serikali, kwa kuvuka unyevu wa asilimia 13.5 haelezwi mara mbili. Ua lenye THC 20 na maji 12, likikaushwa kabisa kabla ya kupimwa, linasoma karibu 22.7. Hakuna aliyeongeza kitu.

Na muda nao unakula. Vipimo vya Chuo Kikuu cha Mississippi vya miaka ya 1990 vilionyesha bangi ikikaa kwenye joto la chumba hupoteza karibu moja ya sita ya THC katika mwaka wa kwanza. Hilo peke yake haliishushi 22 hadi 15, sijifanyi kwamba linaishusha. Lakini anayepima kilichokaa rafuni hapimi kitu kilekile kilichopimwa baada ya mavuno.

Takwimu isiyonitoka kichwani, hata hivyo, ni ya 2025. Watafiti wa Colorado tena, safari hii bidhaa 277. Walihesabu lebo kuwa sahihi ikiwa haikupishana na kipimo chao kwa zaidi ya asilimia 15. Maua yaliyopita yalikuwa takriban asilimia 57. Dondoo, yaani mafuta na nta za bangi, zilipita kwa asilimia 96. Jimbo ni moja, sheria ni ileile, na mashine ni za aina ileile. Kama ugonjwa ni maabara kuuza majibu, kwa nini unashika maua na kuziacha dondoo? Mtu atasema dondoo hazina mstari wa 20 wa kuvuka, hivyo hakuna wa kuhonga. Ni hoja nzuri, na sina jibu la kuiua. Lakini dondoo pia ni kitu kilichokorogwa kikawa kimoja: ukichota juu au chini, ni ileile. Ua si hivyo. Lililokuwa kileleni kwenye jua lina utomvu mwingi kuliko lililojificha kivulini chini ya shina lilelile. Kwa hiyo anayechagua maua ya kupeleka ameshaamua nusu ya jibu kabla mashine haijawashwa. Akiwa mjanja zaidi anayanyunyizia vumbi la utomvu, na fundi anapima kwa uaminifu kabisa kitu ambacho mnunuzi hatakiona.

California imeliona hilo. Huko mtumishi wa maabara ndiye anayekwenda kuchota sampuli, huku akirekodiwa kwa video, na anachukua asilimia 0.35 ya mzigo. Mzigo mkubwa unaoruhusiwa ni ratili 50, kwa hiyo ni kama gramu 79 kutoka kilo 22 na ushee. Tangu Januari 2024 maabara zote zinatakiwa kutumia njia moja ya kupima THC ya maua. Bili ndiyo haijaguswa: bado inalipwa na upande unaouza, nao bado unachagua mlango wa kubisha.