Visoda mezani, namba kichwani: vitendo vina nafasi gani darasa la kwanza na la pili?

Tangu mitaala mipya ianze kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, ubishi wa siku nyingi umerudi kwenye ofisi za walimu Tanzania. Mwongozo unataka mtoto ajifunze kwa kutenda: ahesabu vitu halisi, afinyange herufi, apange kadi, aigize, acheze. Mwalimu mwenye watoto mia na ushee mbele yake anauliza atafanya hayo saa ngapi, kwa vitu gani, na darasa litatulia vipi kila mtoto akiwa na kokoto mkononi. Anayepuuza swali hilo hajawahi kusimama mbele ya darasa la namna hiyo. Lakini na wale wanaosema vitendo ni mambo ya shule za kulipia wanakosea, na gharama ya kosa lao inaonekana zaidi kwenye hesabu.

Chukua 32 toa 17. Mpe mtoto wa darasa la pili aliyefundishwa kwa ubao na daftari peke yake. Wengi watakuandikia 25. Wamefika hapo kwa njia inayoeleweka: 2 toa 7 haitoki, basi wakageuza, 7 toa 2 wakapata 5, kisha 3 toa 1 wakapata 2. Mwalimu anaweka mkasi, anaandika “rudia”, anakumbusha “kopa moja kwa jirani”. Mtoto anakopa kwa sababu ameambiwa akope. Kwa nini hiyo moja ikifika upande wa pili inageuka kumi, hajui, na kesho atasahau.

Sasa mpe vijiti. Mafungu matatu, kila fungu vijiti kumi vilivyofungwa kwa mpira, na viwili pembeni. Mwambie atoe 17. Fungu moja ataliondoa bila shida. Zimebaki saba, na mkononi ana viwili tu vilivyo huru. Hapo atasita, atakutazama, atatazama mafungu mawili yaliyobaki. Usimwambie kitu. Baada ya muda atafungua mpira wa fungu moja, vijiti vitamwagika juu ya dawati, na ghafla ana kumi na viwili. Anatoa saba, vinabaki vitano na fungu moja. Kumi na tano. Kukopa kumekuwa kufungua fungu, jambo alilolifanya kwa vidole vyake mwenyewe. Mwalimu akiandika ubaoni papo hapo kile kilichotendeka juu ya dawati, akakata ile 3 na kuweka 2, akaifanya ile 2 kuwa 12, mtoto anaona kwamba maandishi yale ni habari ya vijiti vyake.

Hili si jambo la juzi. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 akiwapa watoto vitu vya kushika kwa mikono. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Jerome Bruner wa Marekani alieleza hatua tatu: kutenda, kisha picha, kisha alama. Singapore ilijenga ufundishaji wake wa hisabati juu ya hatua hizo kuanzia miaka ya 1980. Na kwa anayesema hayo ni ya nchi tajiri, shirika la Pratham la India limetumia vijiti na mafungu ya kumi katika shule za serikali zenye watoto wengi na pesa kidogo. Kijiti hakihitaji umeme wala mfadhili.

Hoja za upande wa pili nazo zina uzito, na baadhi zinaungwa mkono na utafiti. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 55 zilizolinganisha ufundishaji wa hisabati kwa vitu halisi na ule wa alama peke yake. Faida ilikuwepo, ila ya kiasi, na ilipanda au kushuka kulingana na namna mwalimu alivyowaongoza watoto. Kumwaga vitu mezani na kuwaacha wavumbue wenyewe kulisaidia kidogo. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, uliwapa wanafunzi noti na sarafu zinazofanana na pesa za kweli ili wakokotoe mafumbo ya hesabu. Walikosea zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Kitu chenyewe kilikuwa kimevuta macho.

Mwalimu yeyote wa huku anaweza kulithibitisha hilo kwa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda. Watoto wetu wengi wamekua wakicheza mpira wa visoda: chapa moja timu hii, chapa nyingine timu ile, na punje ya mbegu ndiyo mpira. Mkabidhi mtoto huyo visoda vya rangi nne ahesabu hadi ishirini, na kabla hujageuka amepanga mabeki. Ndiyo maana vijiti vya mabua au chelewa za ufagio, visivyo na rangi wala maandishi, hufundisha vizuri kuliko zana za kuvutia zinazouzwa madukani. Tena havina ukingo wa bati wa kukata vidole.

Lipo pia suala la kikundi. Tunapanga watoto kumi kuzunguka dawati moja, tunawapa rundo moja la kokoto, na kwenye andalio la somo tunaandika kwamba wanafunzi wameshiriki. Kaa karibu na kikundi hicho uangalie mikono. Mmoja au wawili ndio wanaohesabu, wengine wanaangalia, na aliye nyuma kabisa, mara nyingi yule asiyejua kabisa, hajagusa hata kokoto moja. Somo likiisha, mchangamfu anajibu kwa niaba ya wote. Kama ushirikishwaji ni huo, ni heri mwalimu afundishe kwa ubao na kumwita kila mtoto kwa jina.

Na kwenye kusoma, mimi nasimama zaidi upande wa wanaotilia shaka. Kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Kufinyanga herufi “m” kwa udongo kunataka kugawa udongo, kufinyanga, kuonyeshana, kunawa mikono na kurudi kitini. Mtoto anatoka na “m” moja nzuri. Katika muda huohuo angeweza kusoma ma, me, mi, mo, mu, akaunganisha “mama”, “mimi”, “mume”, akasoma na sentensi fupi. Kiswahili kinamwonea huruma mwanafunzi: kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na mtoto aliyeshika irabu tano na konsonanti chache anaanza kujisomea mapema. Kinachomkosesha kusoma kwa kawaida ni kukosa kitabu na kukosa zamu ya kusoma kwa sauti. Kenya ilionyesha hilo kupitia mpango wa Tusome ulioanza kitaifa mwaka 2015: kila mtoto na kitabu chake, mwalimu na mwongozo wa somo la kila siku, na afisa wa kumtembelea darasani na kumsaidia. Usomaji wa Kiswahili na Kiingereza katika madarasa ya mwanzo ulipanda waziwazi. Kusoma nako ni kitendo, na kitendo chake ni kusoma.

Sikatai kadi za silabi. Mtoto anayesogeza “ka” mbele ya “ta” akapata “kata”, kisha akazigeuza akapata “taka”, amejifunza jambo kubwa kwa nusu dakika. Ninachokataa ni kupaka rangi, kukata na kubandika kunakokula wiki nzima kwa sababu kunapendeza ukutani mgeni akija.

Gharama ndiyo inayowachosha wazazi. Tanzania ilifuta ada na michango ya lazima kuanzia mwaka 2016, darasa la kwanza likafurika, na uwiano wa kisera wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 ukabaki kwenye karatasi katika shule nyingi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Kinachobaki kinunue chaki, karatasi za mitihani na kitasa kilichovunjika. Kwa hiyo zana zinarudi kwa mzazi kwa njia ya mtoto: kesho uje na manila, uje na gundi, uje na visoda hamsini. Nchini Kenya, mtaala wa umahiri ulipoanza kote mwaka 2019, malalamiko ya wazazi kuhusu vifaa na kazi za kuchapisha yaliongezeka hadi mwaka 2021 wakili mmoja aliye pia mzazi akaupeleka mtaala huo mahakamani. Kazi ya mikono anayofanyiwa mtoto nyumbani na dada yake saa tatu usiku haimfundishi mtoto chochote. Inampima mzazi.

Na sisi tuna historia yetu ya kujihadhari nayo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kazi na masomo vifungamane, na wazo lenyewe lilikuwa zuri. Katika shule nyingi lilibaki jembe, likapotea somo: watoto walilima, walichota maji, na hakuna aliyewaambia wapime tuta au wahesabu mahindi.

Hivyo nikiulizwa nichague, kwenye kuhesabu ninachagua vitendo hata kwa darasa la watoto mia. Wapangwe wawili wawili, kila jozi iwe na vijiti 40 kwenye kifuko, yaani vijiti 2,000 kwa darasa zima, na wazazi wanaweza kuvikata kwa mabua siku ya kikao kimoja cha shule. Vitumike kila siku, kwa kipindi kilekile, hadi vizoeleke na kuacha kuwa mchezo. Kila tendo liishie kwenye maandishi kabla kengele haijalia, na muhula wa pili mtoto aanze kuchora mafungu badala ya kuyashika, ili asije akafika darasa la nne bado anatafuta vijiti. Kwenye kusoma, fedha ziende kwenye vitabu.

Wakuu wa shule na wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wana sehemu yao. Mwalimu anayejua kwamba daftari lisilo na zoezi la leo litamletea maswali hatathubutu kutumia kipindi kizima kwenye vijiti, hata kama watoto wameelewa. Mthibiti angeita watoto watano, awape vijiti, aseme “toa 17 kwenye 32”, kisha awape kalamu. Angejua zaidi ya anachoweza kujua kwa kufungua madaftari hamsini.

Lakini zito kuliko yote ni suala la nani anafundisha darasa la kwanza. Katika shule nyingi mwalimu hodari hupelekwa la saba, kwa sababu matokeo yake yanatangazwa, anayefuata hupelekwa la nne kwa upimaji wa taifa, na darasa la kwanza linapewa aliyebaki: mgeni kazini au anayesubiri kustaafu. Kuongoza watoto mia wenye vijiti, kujua ni lini unyamaze na ni lini uandike ubaoni, ni ujuzi mgumu kuliko kufundisha maswali ya mtihani. Mwalimu mkuu akipanga ratiba ya mwakani, aanze kuijaza kutokea chini, na mwalimu wake bora wa hisabati ampeleke la kwanza.