Walikata Mparachichi Ili Kuleta Mediteranea

Jumapili ya pili ya Januari nilikwenda South C, mtaa wa Nairobi, kumwona dada yangu, ambaye alikuwa amemaliza kulitengeneza upya baraza lake la nyuma kwa mtindo wa Mediteranea, na kabla chai haijapoa sote tulikuwa tumehamia jikoni. Nje palikuwa na vigae vyeupe vinavyong'aa, kuta zilizopakwa rangi ya mafuta ya buluu, nguzo mbili za jasi, na mzaituni mmoja katika chungu kikubwa. Kilichokosekana ni mparachichi. Mti huo ulikuwepo kabla dada yangu hajainunua nyumba, na chini yake mama yetu, kila alipokuja kutoka Mombasa, aliweka kigoda chake akachambua mchicha huku akizungumza na wajukuu. Fundi alisema majani yangevichafua vigae, wakaukata. Mama alisimama mlangoni kwa muda, kiganja juu ya macho, kisha akauliza: "Mwanangu, hapa mtu atakaa saa ngapi?"

Hakuna aliyemjibu, na swali lake ndilo lililonifanya niandike.

Wanaouza mtindo huu hapa Nairobi huuza rangi, nyeupe na buluu, lakini watu wa Ugiriki, Hispania na Moroko hawakuanza na rangi. Walianza na kiangazi kikali, cha miezi ambayo mvua haiji, wakatafuta mahali pa kukaa bila kuungua. Waliupandisha mzabibu juu ya chanja la mbao kwa sababu hutoa kivuli wakati wa joto, na baridi inapofika hupukutisha majani ili jua lipite. Katika mji wa Córdoba, Hispania, ambako sherehe ya kila mwaka ya nyua za nyumba iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2012, ua umo ndani ya nyumba, umezungukwa na kuta ndefu, na vyungu vya maua vilivyotundikwa ukutani humwagiliwa maji hadi hewa yenyewe ipoe. Nyumba za kale za Marrakech nazo huupa ua wa katikati miti na maji. Kivuli ndicho kilichotangulia kote huko, na weupe wa kuta ulikuja kukisaidia. Anayekata mti ili apate nafasi ya kupaka weupe ameuondoa mtindo wenyewe akabaki na ndoo ya rangi.

Tena sisi tunakihitaji kivuli hicho kuliko wao. Athens iko karibu digrii 38 kaskazini ya ikweta. Jua la huko halifiki utosini hata katikati ya kiangazi, kwa hiyo ukuta mrefu hutupa ukanda wa kivuli mchana kutwa. Nairobi iko takriban digrii 1 tu kusini ya ikweta. Mwezi wa Machi na mwishoni mwa Septemba, kati ya saa sita na saa saba mchana, jua hupita karibu wima juu yetu, na ukuta, uwe mzuri namna gani, hauna kivuli cha kumpa mtu. Tuko pia mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na miale huchoma hata siku ambazo hatuhisi joto. Ukiongeza vigae vinavyong'aa chini, mwanga unakupiga kutoka juu na kutoka miguuni. Dada yangu alihitaji paa la majani, na alikuwa nalo bila kulipa shilingi.

Nimeambiwa kwamba Julai, jiji linapofunikwa na mawingu, mtu huutafuta mwali mmoja wa jua na hataki mti. Nakubali, ingawa kwa shida: Julai yetu ni baridi. Lakini matawi hupunguzwa mwezi wa Juni kwa panga na ngazi, na yataota tena kabla ya Januari.

Fundi alikuwa na hoja nyingine, kwamba mparachichi si mti wa Mediteranea. Ni kweli kwamba asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ila bogenvilia inayofunika kuta za Ugiriki ilitoka Amerika ya Kusini, jerania za vyungu vya Córdoba zina asili katika mimea ya Afrika Kusini, na maparachichi yenyewe hulimwa leo katika pwani ya Málaga. Mzaituni wa chungu, ulionunuliwa kwa bei ambayo dada yangu hapendi kuitaja, unahitaji majira ya baridi ili utoe maua vizuri, na hapa hatuna baridi hiyo, sitarajii uzae. Wakati huohuo mzaituni mwitu, ambao Wakikuyu huuita mutamaiyo, unamea wenyewe katika msitu wa Karura. Ni ndugu wa damu wa ule wa Ugiriki, spishi ileile, tena umeshaizoea mvua yetu ya misimu miwili.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba sisi ni watoto wa pwani. Bibi yetu alizaliwa Lamu, mji ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, na nyumba ya namna yake ina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, kiwanda, yaani ua wa ndani, kinacholeta hewa na mwanga, na baraza la mawe mlangoni ambalo kichochoro chembamba hulikinga na jua. Yote ambayo dada yangu aliyatafuta katika picha za ng'ambo, bibi aliyakalia. Chokaa ile hupumua, ikapitisha unyevu wa ukuta. Rangi ya mafuta iliufungia ndani, na mvua za Aprili zilipokuja ukuta wa buluu ukafura mapovu. Udongo mweusi wa South C nao huvimba ukinywa maji, kwa hiyo vigae vilianza kuinuka. Kokoto zingetulia.

Sikumlaumu dada yangu mbele ya watoto, na hapa pia simlaumu. Alitaka mahali pazuri pa kuipokea familia, akamwamini mtu aliyedai kuijua kazi.

Wiki iliyopita, baada ya mvua za vuli kulainisha ardhi, alimwita fundi mwingine. Wameng'oa vigae vya katikati, wakachimba na kuutoa mzizi wa zamani, wakapanda mutamaiyo, na kando yake wamesimamisha chanja la mbao lenye mpasheni, ambao hukua upesi, ili pawe na kivuli tunapousubiri mti. Mutamaiyo haukui kwa haraka. Mche umefika magotini, na mama, atakapokuja Desemba, atachambua mchicha wake jikoni.