Kura ya pili si wizi, mradi ya kwanza imeuawa

Ndani ya bahasha ya kura ya posta hapa Uingereza kuna maelekezo ambayo wengi huyatupa bila kuyasoma. Mimi huyafurahia kuliko kura yenyewe. Yanasema kwa utulivu, kana kwamba ni habari ya chumvi kwenye mboga: ukiharibu karatasi yako kwa bahati mbaya, au isipokufikia, wasiliana na ofisi ya uchaguzi upewe nyingine. Nyingine! Hebu mtu atamke neno hilo Kondele, kule kwetu Kisumu, siku ya uchaguzi, "kuna karatasi nyingine", tuone kama atafika Kibuye na viatu vyote viwili.

Najua mnachosema. "Ameruka juzi tu, leo anatufundisha kupiga kura." Tulieni. Mkenya anayeishi hapa kihalali huruhusiwa kupiga kura ya Bunge lao kwa sababu nchi yetu iko katika Jumuiya ya Madola, kwa hiyo sichungulii jikoni kwa jirani. Na sitasema Wazungu ni waaminifu kuliko sisi. Sheria yao ya karatasi ya pili imeandikwa na watu wasiomwamini yeyote.

Bahasha ni mbili. Karatasi ya kura inaingia A, ile ndogo. Kisha A, pamoja na tamko lenye sahihi na tarehe yako ya kuzaliwa, vinaingia B. Watu huanguka kwenye tamko: mtu anajaza tarehe ya leo pale panapotakiwa ya kuzaliwa, au mume na mke wanabadilishana matamko mezani wakinywa chai. Sahihi na tarehe hulinganishwa na zile ulizotoa ulipoomba kura ya posta. Zisipoafikiana kura haihesabiwi, hata alama iwe imekaa sawasawa.

Umeharibu? Unarudisha kila kitu: karatasi, tamko, bahasha zote mbili. Iwe ni kwa bahati mbaya kweli; kubadili nia si kuharibu, na ukishaituma kura yako, basi, umemaliza. Haikufika kabisa? Huruhusiwi kulia mapema. Nyingine hutolewa kuanzia siku ya nne ya kazi kabla ya uchaguzi, yaani uchaguzi ukiwa Alhamisi, ni Ijumaa iliyotangulia. Unathibitisha wewe ni nani, na mlango unafungwa saa kumi na moja jioni siku yenyewe ya kura. Tena kuanzia saa kumi na moja ya siku ya kuamkia uchaguzi, karatasi mpya haitumwi kwa posta. Inatolewa mkononi tu.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Kabla hujapewa mpya, namba ya ile ya zamani inauawa. Inaingizwa kwenye orodha ya zilizofutwa: jina la mpiga kura, namba ya zamani, namba mpya. Zilizoharibika zina orodha yake, zilizopotea yake. Bahasha za posta zinapofunguliwa, namba zake hupitishwa kwenye orodha hizo, na maiti yoyote inayojaribu kupiga kura inatolewa nje. Na kama ile ya zamani ilishatangulia sandukuni? Wanaifuata humo humo. Masanduku ya kura za posta hufunguliwa, karatasi zikiwa kifudifudi ili mtu asione nani kachagua nani, hadi ipatikane, kisha inafungiwa kwenye pakiti yake. Mawakala wana haki ya kuwepo.

Kosa ambalo hawawezi kukuokoa nalo ni hili: bahasha ya kwanza inachelewa, unapewa ya pili, kesho yake ya kwanza inadondoka mlangoni, nawe kwa haraka unatuma hiyo. Umetuma maiti. Iliyo hai imebaki kwenye meza yako.

Msidhani ni peponi. Uchaguzi wa Julai 4, 2024 uliikuta Scotland kwenye likizo za shule na bahasha nyingi hazijafika. Edinburgh ikalazimika kufungua mahali pa dharura pa watu kuchukua karatasi mpya. Mtu aliyeko Nairobi au Dubai wiki hiyo, sheria ya mkononi inamsaidia nini? Halafu hapa karatasi yako ina namba inayoorodheshwa mkabala na namba yako kwenye daftari la wapiga kura, orodha inatiwa muhuri, haifunguliwi bila amri ya mahakama. Wanalala usingizi na jambo hilo. Sisi tungeandamana. Na kura zao husafirishwa hadi ukumbini kuhesabiwa, wakati kwetu zinahesabiwa pale pale kituoni na Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, inabandikwa mlangoni, mwananchi wa kawaida anaipiga picha kwa simu. Hapo tumewashinda, na nitasema hivyo popote.

Kinachonichosha ni kwamba kanuni ya kupewa nyingine hata sisi tunayo. Ukiharibu karatasi kabla haijaingia sandukuni, unamrudishia msimamizi wa kituo, anaifuta, anakupa nyingine. Nani anathubutu kuomba? Anaogopa ataitwa mwizi, anaitumbukiza hivyo hivyo, usiku televisheni inasoma "kura zilizoharibika", ilhali hizo ni zilizokataliwa. Iliyoharibika haikufika sandukuni. Mwaka 2022 Kakamega na Rongai ya Nakuru waliletewa karatasi zenye makosa kwa mkupuo, kura ya gavana kule na ya mbunge huku zikasukumwa hadi Agosti 29. Makosa ya karatasi tunayajua vizuri. Tunachokosa ni mazoea ya kutumia utaratibu wa kosa la mtu mmoja.

Ndiyo maana wenzangu wa diaspora mnaodai kura ya posta mnanikera, ingawa nawaelewa: mwaka 2022 mtu wa Aberdeen alitakiwa afike London apige kura moja tu ya rais. Lakini mnadai bahasha, hamsemi neno kuhusu bahasha iliyopotea. Nani atafuta namba? Saa ngapi ndiyo mwisho? Wakala wa chama atakaa wapi? Na msiniambie seva itashughulikia. Seva ya tume ya uchaguzi mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza ifunguliwe, na mnakumbuka ilivyokuwa: haikufunguliwa ipasavyo. Nataka daftari la karatasi, mawakala pembeni, na kila mstari namba mbili: iliyokufa na iliyozaliwa.